Kenya au Tanzania: nani anaagiza zaidi mbao na karatasi, na wewe umuuzie nani?

Fungua hifadhidata ya biashara ya Benki ya Dunia, ile iitwayo WITS, uweke Kenya na Tanzania kwenye mchoro mmoja wa kile wanachokiita kundi la mbao. Utaona mstari wa Kenya uko juu na wa Tanzania uko chini. Wengi huishia hapo, wakasema soko ni Kenya. Uamuzi huo unaweza kumponza mtu, kwa sababu kundi hilo si la mbao peke yake. Limekusanya sura ya 44 hadi ya 49 za mfumo wa forodha wa HS: magogo, mbao, nguzo na plaiwudi (44), koki, yaani gamba la mti la kutengenezea vizibo (45), vikapu na mikeka (46), rojo la kutengenezea karatasi pamoja na karatasi chakavu (47), karatasi na maboksi (48), kisha vitabu, magazeti na chochote kilichochapwa (49). Mwenye lori la mbao za misindano pale Mafinga na mwenye kontena la rimu za A4 bandarini wamebanwa kwenye mstari mmoja, na biashara zao hazifanani hata kidogo.

Kwa hiyo hapa tutafuata bidhaa kwanza, nchi baadaye. Tukihesabu vichwa tu, Tanzania ingetakiwa iagize zaidi: sensa ya 2022 ilipata watu milioni 61.7, ilhali Kenya kwenye sensa ya 2019 ilikuwa na watu milioni 47.6. Haiagizi zaidi. Muuzaji atafaidika akijua kwa nini, kuliko akikariri tarakimu ya mwaka mmoja.

Mbao: soko linaloendeshwa na amri

Kwenye mbao zenyewe tofauti ni ya wazi. Tanzania inazo, Kenya haina za kutosha. Shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi peke yake lina zaidi ya hekta 135,000, ingawa si zote zimepandwa. Na siku hizi serikali si mpandaji pekee. Wakulima wadogo wa Njombe, Makete, Kilolo na Mufindi wamejaza vilima kwa misindano na mikaratusi, wengine wakisukumwa na programu ya Panda Miti Kibiashara iliyofadhiliwa na Finland, wengine wakiiga tu jirani aliyejenga nyumba baada ya kuuza shamba la miti.

Upande wa Kenya, utafiti wa wizara ya mazingira wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba nchi inaweza kutoa mita za ujazo milioni 31.4 za mazao ya miti kwa mwaka, na mahitaji yalikuwa milioni 41.7. Pengo la zaidi ya milioni 10. Sehemu kubwa ya mahitaji hayo ni kuni na mkaa, si mbao za ujenzi, kwa hiyo usikimbilie kuyageuza malori. Ila mwelekeo ulijulikana tangu hapo.

Kisha zikaja amri. Kenya ilikuwa tayari imepitia marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali kuanzia 1999, marufuku isiyovigusa viwanda vichache vikubwa na iliyodumu zaidi ya muongo. Februari 2018 serikali ikafunga tena, safari hii kwa siku 90. Siku 90 zikawa miezi, miezi ikawa miaka, hadi Rais Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Hata hapo mambo hayakunyooka, kwani mahakama iliingilia kati na kusimamisha utekelezaji kwa muda. Nyuma ya yote ipo Katiba ya 2010, kifungu cha 69, kinachoitaka dola ifikishe asilimia 10 ya nchi chini ya miti. Serikali yoyote ya Kenya itakayobanwa na ukame au mafuriko inao mpini wa kushika.

Athari kwa uagizaji haihitaji mchumi. Fundi wa Nairobi hawezi kusimamisha paa kusubiri kesi iishe. Mbao za misindano zilipanda kutoka Nyanda za Juu Kusini kupitia Namanga na Holili, mbao nyingine zikaingia kutoka Uganda, na mbao ngumu za Kongo zikafuata njia hiyohiyo ya Uganda. Kwa sababu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki unafanya kazi tangu 2005, mzigo wenye cheti cha uasilia haulipi ushuru wa forodha. Unalipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 kwa Kenya, na unahitaji makaratasi yake: hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS (wakala wa misitu wa Tanzania), cheti cha afya ya mimea, na mengineyo ambayo kila mwenye lori anayajua kwa uchungu.

Kwa hiyo mstari wa mbao wa Kenya usiusome kama kipimo cha ujenzi peke yake. Usome ukiwa na tarehe za amri pembeni. Miaka ya baada ya 2018 ina msukumo ambao si wa kawaida, na anayechukua ukuaji wa miaka hiyo akaunyoosha kwenda 2030 anajidanganya. Katazo linapoondolewa, miti iliyokomaa ikiwa imesimama bila kukatwa huingia sokoni kwa pamoja, na mbao ya nje ndiyo inayoumia kwanza.

Tanzania kwenye sura hii ya 44 huagiza vitu vya aina nyingine: MDF (mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi), chipubodi zenye uso wa plastiki, plaiwudi za kazi maalumu, milango iliyokwisha tengenezwa. Mbao iliyopasuliwa ni kidogo sana. Na hata kwenye plaiwudi mambo yamebadilika, kwa kuwa Mafinga na viunga vyake vimepata viwanda vingi, vingine vya Wachina, vinavyochonga mikaratusi kuwa tabaka nyembamba za kubandika. Mtu wa nje anayetaka kuiuzia Tanzania mbao za kawaida anapeleka samaki Mwanza.

Karatasi: hapa ndipo fedha zilipo

Uagizaji mkubwa wa Kenya ndani ya kundi hili ni karatasi, na hadithi yake inaanzia Webuye. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, Panpaper kwa wenyeji, kilianza kuzalisha 1974 kandokando ya mto Nzoia, kwa ubia wa serikali, wawekezaji wa Kihindi na shirika la IFC la Benki ya Dunia. Kilitoa karatasi ya magazeti, ya kuandikia, na ya kaki. Mwaka 2009 kilifungwa kikiwa kimezama kwenye madeni. Kukawa na majaribio ya kukifufua, na mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la kampuni za Rai.

Weka alama kwenye 2009. Mchoro wowote wa karatasi ya Kenya unaopita mwaka huo unalinganisha nchi mbili tofauti zenye jina moja: moja iliyokuwa na kiwanda chake cha rojo, na nyingine inayotegemea meli. Ukiona mtu anahesabu wastani wa ukuaji wa miaka 20 bila kuutaja mwaka 2009, weka kazi yake kando.

Tanzania ilipitia njia inayofanana kwa umbo lakini si kwa matokeo. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilichoitwa Southern Paper Mills, kilianza miaka ya 1980, kikasimama miaka ya 1990, kikabinafsishwa mwaka 2004 na kuwa Mufindi Paper Mills. Aliyekichukua? Kundi la Rai hilohilo ambalo miaka 12 baadaye lilinunua Webuye. Wenye viwanda wanajua kwamba ukanda huu wote ni shamba moja, hata kama wachora michoro wanaugawa kwa mpaka. Mgololo hutoa hasa karatasi imara ya kaki, inayofaa mifuko na magunia ya karatasi, na sehemu ya mzigo wake huvuka kwenda Kenya. Hivyo Tanzania ni muuzaji wa kaki na wakati huohuo mnunuzi wa karatasi nyeupe, ya magazeti, ya tishu na ya kadibodi laini ya vifungashio. Ukiangalia jumla ya sura ya 48 pekee hilo halionekani. Shuka hadi namba za forodha zenye tarakimu nne: 4801 ni ya magazeti, 4802 ya kuandikia na kuchapia, 4804 ya kaki, 4819 ni maboksi na mifuko.

Sasa swali la kwa nini Kenya, yenye watu wachache, inakula karatasi zaidi. Shule na ofisi zina sehemu yao, lakini jibu kubwa ni kwamba karatasi nyingi haziishii Kenya. Chai inayopigwa mnada Mombasa hufungwa kwenye magunia ya karatasi. Maua ya Naivasha hayapandi ndege bila katoni. Parachichi na mbogamboga vilevile. Viwanda vya maboksi vya Nairobi na Thika huingiza roli kubwa za karatasi ya kaki, vikazigeuza katoni, na katoni hizo huondoka nchini zikiwa zimebeba kitu kingine. Kwenye takwimu zinaingia kama karatasi na kutoka kama chai au maua. Muuzaji wa kaki basi hapaswi kutazama pato la mwananchi wa kawaida wa Kenya. Atazame msimu wa chai, mahitaji ya maua Ulaya, na nauli za ndege.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ni jambo jingine linalotajwa sana. Kenya ilianza Agosti 28, 2017, Tanzania Juni 1, 2019. Inavutia kuiona kama jaribio safi: nchi mbili, amri ileile, miaka miwili kati yake. Mimi naipa uzito mdogo kuliko wanavyoipa wengine. Sehemu kubwa ya nafasi ya mfuko wa plastiki ilichukuliwa na mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, ambayo kiforodha si karatasi. Mfuko wa kaki ulishinda kwenye mikate, sukari, unga na vyakula vya kubeba, lakini haukushika soko zima la mboga. Anayepanga kuuza karatasi ya mifuko achunguze kwanza sokoni watu wanabeba nini mkononi.

Kuna pia ushuru. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza na viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na Julai 2022 ukaongezwa wa 35 kwa baadhi ya bidhaa, samani zikiwemo. Ila "pamoja" ni neno la heshima. Kila Juni nchi huomba ruhusa ya kutoka kwenye kiwango hicho kwa bidhaa fulani, na Kenya imeitumia ruhusa hiyo kwa miaka kadhaa kulinda viwanda vyake vya mbao za kubandika na karatasi. Tanzania nayo hupitia mlango huohuo. Juu yake kuna ada za uagizaji na tozo ya reli katika nchi zote mbili, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwa Tanzania bara. Kiwango ulichopata mwaka jana si ahadi ya mwaka huu.

Vilivyochapwa

Sura ya 49 ni ndogo, lakini huchezea mstari mzima. Vitabu vilivyokwisha chapwa vinaingia Afrika Mashariki kwa ushuru wa sifuri, wakati karatasi ya kuvichapia hutozwa. Wachapaji wa Nairobi wamelilalamikia hilo kwa muda mrefu, na wachapishaji wamejibu kwa vitendo: kazi kubwa hupelekwa India, kitabu kikarudi kimekamilika. Serikali ya Kenya ilipoanza kununua vitabu vya shule moja kwa moja na kuvisambaza kuanzia 2018, maagizo yakawa makubwa na ya mara moja. Mwaka kama huo sura ya 48 inaweza kulegea na ya 49 kupanda, na kwenye mchoro wa kundi zima usione chochote.

Halafu kuna kura. Karatasi za kura za Kenya zilichapwa Dubai mwaka 2017 na Ugiriki mwaka 2022. Kwa aina yake, hiyo ni bidhaa ya sura ya 49, ya thamani kubwa, inayoingia mara moja kwa miaka mitano. Usimtafute mnunuzi huyo mwaka unaofuata.

Kabla ya kuamini mchoro wowote

Thamani na uzito havisemi jambo moja. Mwaka 2021 na 2022 bei za karatasi duniani zilipanda pamoja na nauli za meli, kwa hiyo nchi iliweza kuagiza tani chache na bado mstari wake wa dola ukapanda. Takwimu za uagizaji huhesabu pia bima na usafiri hadi bandarini, jambo linaloifanya nauli yenyewe ionekane kama karatasi. Ukitumia shilingi ni hatari zaidi: dola moja ilikaribia shilingi 160 za Kenya Januari 2024, ikarudi kwenye 130 hivi katikati ya mwaka huo. Shilingi ya Tanzania ilitembea tofauti, ikakaa karibu na 2,300 kwa miaka kadhaa kabla ya kuteleza. Kulinganisha nchi hizi kwa sarafu zao ni kulinganisha benki kuu zao. Kwa uzito na ujazo, takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zinarudi hadi 1961, lakini kwa nchi zetu sehemu yake ni makadirio. Zimewekewa alama, nazo alama hizo zisomwe.

Tatizo la pili ni vitabu viwili vya hesabu visivyokubaliana. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, lilionyesha kwamba China ilikuwa imeandika kupokea mazao ya mbao kutoka Tanzania mara kumi ya yale Tanzania iliyoandika kuyauza. Huo ulikuwa mzigo uliopita bandarini. Fikiria lori la mbao linalovuka usiku kwenye njia ya panya mpakani. Ndiyo maana kwa mbao kati ya Kenya na Tanzania ninapendelea kuchukua rekodi za pande zote mbili, na pale zinapopishana sana, kuamini kwamba ukweli uko juu ya zote mbili.

Jihadhari pia na mizigo ya njiani. Dar es Salaam inahudumia Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Mombasa inahudumia Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Mzigo wa kupita haupaswi kuhesabiwa kama uagizaji wa nchi ya bandari, na kwa kawaida hauhesabiwi. Lakini mfanyabiashara anayeambiwa bandarini "karatasi nyingi zinashuka hapa" anaziona zote.

Basi, uende wapi?

Mwenye mbao za ujenzi za misindano aende Kenya, bila kusita sana, ila aingie na mkataba mfupi na asijenge ghala la mkopo kwa kutegemea marufuku. Mwenye nguzo za umeme awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa shirika la umeme la Kenya limekuwa likihamia nguzo za zege.

Mwenye karatasi ya kaki ya katoni aanze na Kenya pia. Wanunuzi ni wachache, wakubwa, wanaojua bei ya dunia kuliko wewe, na watakutaka ubora usiobadilika kuliko punguzo. Tanzania kwa bidhaa hii utagongana na Mgololo kwenye gredi za mifuko, ingawa kwenye gredi za katoni mlango uko wazi, hasa kilimo cha parachichi cha Njombe na Rungwe kinapohitaji maboksi yake yenyewe badala ya kufungashiwa kwingine.

Karatasi nyeupe za ofisi na daftari: hapa ningependekeza Tanzania kwa muuzaji mdogo. Soko ni dogo kwa thamani, lakini watu ni wengi zaidi na wanafunzi ni wengi. Kenya ina waagizaji waliokomaa ambao faida yao iko kwenye wingi, na mgeni wa makontena mawili atasagwa.

Karatasi ya magazeti, kokote kule, sijui ningemshauri nani aiuze. Wasomaji wamehamia simu, kwa Nairobi na kwa Dar vilevile.

Mbao za kubandika, MDF na chipubodi ndizo zinazonipa shaka kubwa. Mahitaji ya Tanzania yanakua kwa majiko ya kisasa, makabati na samani za ofisi za Dodoma, na uzalishaji wa ndani wa MDF hauyafikii. Kenya ina soko kubwa zaidi leo, lakini pia ina viwanda vyake Eldoret na kwingineko vinavyojua njia ya kwenda hazina kila Aprili, kabla bajeti haijasomwa. Ningechagua Tanzania, nikaweka oda ya kwanza ifike kabla ya Julai, na nikasoma gazeti rasmi la Jumuiya la mwisho wa Juni, lenye viwango vipya vya ushuru, kabla ya kulipia ya pili.